BB(5): hali 4 zimekubali, hali 5 zimenigomea. Mashine zisizosimama nazitambuaje?

Utepe_Mtupu:

Wakuu, naombeni msaada. Ni kuhusu Busy Beaver, shindano aliloanzisha Tibor Radó mwaka 1962: chukua mashine zote za Turing (kompyuta ya kinadharia: kichwa kinasoma kisanduku kimoja cha utepe, na jedwali la kanuni linasema kiandike nini, kiende upande gani na kiingie hali gani) zenye hali n na alama mbili, 0 na 1, zianzishe kwenye utepe uliojaa 0, kisha tafuta ipi inakwenda hatua nyingi kuliko zote halafu ikasimama. Idadi hiyo ya hatua ndiyo S(n), wengine huiita BB(n).

Programu nimeiandika kwa lugha ya C. Inatunga kila jedwali la kanuni linalowezekana, inaliendesha hadi kikomo fulani, na inahifadhi mashine iliyochelewa zaidi kusimama. Kwa hali 2 imetoa hatua 6, kwa hali 3 imetoa 21, kwa hali 4 imetoa 107. Shida ni hali 5. Kila nafasi ya jedwali ina chaguo 21 (alama 2 × pande 2 × hali 5, na moja ya kusimama), nafasi ziko 10, kwa hiyo majedwali ni 21^10 = 16,679,880,978,201. Kwa hali 4 yalikuwa 17^8, hayafiki bilioni 7, na hata hayo yalikwenda kwa kusuasua.

Nikiweka kikomo cha hatua 10,000, bingwa anapita bila kuonekana, maana anasimama hatua ya 47,176,870. Nikipandisha hadi milioni 50, kila mashine isiyosimama inakula muda wote huo. Na hata muda ungekuwepo, mashine iliyovuka kikomo sina la kusema juu yake: labda haisimami kamwe, labda ilibakiza hatua moja. Waliothibitisha kwamba hakuna inayozidi 47,176,870 walifanyaje? Nataka njia ninayoweza kuiandika mwenyewe, hata kama haitamaliza zote.

Tawi_la_Tano:

Mkuu, kasi ya programu iache kwanza. Kinachokumaliza ni kutunga majedwali mazima. Mashine nyingi hugusa nafasi tatu nne tu za jedwali kabla hazijasimama au kuingia kwenye mzunguko. Nafasi nyingine hazikusomwa hata mara moja, lakini wewe umezijaza kwa kila namna na kuendesha mwendo uleule mara mamilioni.

Jaza jedwali huku mashine inatembea. Anza na kanuni moja tu: A ikisoma 0, iandike 1, iende kulia, iingie B. Tunaiandika 1RB (R ni kulia, L ni kushoto). Mwanzo wa kwenda kushoto huuhitaji, ni taswira ya kioo ya huu. Endesha hadi mashine ifike kwenye nafasi isiyo na kanuni, hapo ufanye mambo mawili. Kwanza andika kwamba, nafasi hii ikiwa ndiyo ya kusimamia, mashine imemaliza kwa hatua t+1 (t ni hatua ilizokwishatembea). Pili, kama jedwali lina nafasi tupu nyingine zaidi ya hii, gawa matawi: tawi moja kwa kila kanuni inayoweza kukaa hapo, kila tawi liendelee pale lilipofikia. Nafasi tupu ya mwisho usiijaze kamwe. Jedwali lililojaa lote halina pa kusimamia.

Hali mpya zinaingia kwa zamu. Kama umeshatumia A na B, kanuni mpya inaweza kuelekea A, B au C, lakini D na E bado. Usipofanya hivyo utakuwa na mashine ileile kwa majina tofauti, hadi nakala 24 kwa hali 5.

Itazame hatua ya pili uone mti unavyopungua. Baada ya 1RB, kichwa kiko kwenye 0, hali ni B. Watoto ni 12: alama 2 × pande 2 × hali 3. Kati ya hao, 0RB na 1RB wanakimbia kulia milele kwenye 0 tupu. 0RA na 1RA pia, maana A inarudisha kwa B na wote wanaelekea kulia. Wanne wamekwisha kabla hujaendesha chochote, wamebaki 8. Kupogoa kwa namna hiyo kunaendelea hadi chini.

Kuna jambo moja dogo linalosahauliwa: mashine zinazoanza kwa 0RB. Hizo hazijabadilisha kitu kwenye utepe, kwa hiyo ukiipa jina A ile hali inayoandika 1 ya kwanza, unapata mwendo uleule pungufu ya hatua zisizozidi 4. Kwa kuhesabu 1 zilizobaki kwenye utepe, yaani Σ(n), hakuna hasara. Kwa S(n) hatua hizo ni hatua, na uthibitisho hauruhusiwi kuziacha. Weka 0RB kama mzizi wa pili wa mti.

Uthibitisho rasmi wa mwaka 2024 ulipita kwenye mti wa mashine 181,385,789. Linganisha na trilioni 16 unazohangaika nazo sasa.

Kabla ya yote, pima programu kwa hizi. Kila fungu ni hali moja, kanuni ya kusoma 0 kisha ya kusoma 1, Z ni kusimama:

1RB1LB_1LA1RZ → hatua 6, 1 ziwe nne
1RB1RZ_1LB0RC_1LC1LA → hatua 21
1RB1LB_1LA0LC_1RZ1LD_1RD0RA → hatua 107, 1 ziwe kumi na tatu
1RB1LC_1RC1RB_1RD0LE_1LA1LD_1RZ0LA → hatua 47,176,870, 1 ziwe 4,098

Ukipata 5, 20, 106, hujahesabu hatua ya kusimama yenyewe. Ukianguka kwenye ya mwisho peke yake, angalia ukubwa wa utepe. Bingwa wa hali 5 anatumia visanduku 12,289, na karibu ukuaji wake wote ni wa upande wa kushoto. Safu ya visanduku 16,384 inaonekana inatosha, lakini ukimwanzisha katikati ana 8,192 tu kushoto na anatoka nje ya safu. Lugha ya C haikuambii kitu, inaandika juu ya memori ya jirani na kukupa jibu la ajabu. Tumia 32,768 na uweke ukaguzi wa mipaka.

Kichwa_Kushoto:

Mti wa Tawi ndio msingi, sasa tuje kwenye swali lenyewe: mashine imevuka kikomo, utajuaje haitasimama? Jibu ni viamuzi, yaani programu ndogondogo, kila moja inatambua aina moja ya kutosimama na kutoa hoja isiyo na shaka. Kiamuzi kikishindwa kinasema "sijui", hakisemi "inasimama". Kiamuzi kimoja cha kumaliza zote hakipo na hakitakuwepo. Turing alilifunga hilo mwaka 1936. Kwa hiyo unavipanga kama chekeche, chenye matundu makubwa juu, laini chini.

Usianze na kikomo kikubwa. Mradi wa bbchallenge, ulioanzishwa na Tristan Stérin mwaka 2022, ulikuwa na mashine 88,664,064 za kuamua. Kila moja ukiipeleka hatua milioni 47 unazidi hatua 4×10^15. Ziendeshe hatua 500, zipitishe kwenye viamuzi rahisi, zinazobaki ndizo uziongezee kikomo.

Chekeche la kwanza ni mzunguko wa kawaida: hali, mahali pa kichwa na utepe wote vikijirudia kama vilivyokuwa, mashine haitoki tena. Usihifadhi kila hatua. Hifadhi picha moja ya mashine, linganisha na kila hatua inayofuata, na picha ibadilishwe hatua ya 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kwa bbchallenge, hili liliondoa takriban milioni 11.2.

La pili ndilo lenye mavuno: mzunguko unaohama. Mashine inarudia mwendo uleule lakini kila mara imesogea pembeni. Kila kichwa kinapofika kisanduku kipya kabisa cha ukingoni, iite hiyo rekodi, uandike hali na hatua. Chukua rekodi mbili za upande mmoja zenye hali moja. Tafuta kichwa kilirudi nyuma umbali gani, kwa wingi wake, kati ya rekodi hizo mbili. Umbali huo uite d. Visanduku d vilivyo nyuma ya kichwa kwenye rekodi ya kwanza vikiwa sawasawa na visanduku d vya rekodi ya pili, mashine itarudia milele, kwa sababu mbele kuna 0 tupu na nyuma haitazami kitu tofauti. Kiamuzi hiki peke yake kiliondoa takriban milioni 73.9, zikabaki kama milioni 3.6 tu.

Baada ya hapo kuna kurudi nyuma kutoka kwenye kusimama. Anza na nafasi ya Z, jiulize ni hali gani na utepe gani ungeweza kuleta mashine hapo, kisha kabla ya hapo, na kabla yake tena. Kila tawi likigonga mkanganyiko (kisanduku kimoja kinadaiwa kuwa 0 na 1 kwa pamoja) ndani ya kina ulichoweka, mashine iliyokwishatembea hatua zaidi ya kina hicho bila kusimama haiwezi kufika Z tena. Ni kiamuzi rahisi kuandika, na ni kizuri kwa mashine zenye mlango mmoja mwembamba wa kuingilia Z.

Ninachokipenda zaidi ni kile cha vipande vya n, kwa sababu mistari yake ni michache na kinaua aina nyingi kwa mpigo. Usishike utepe wote. Shika hali, alama iliyo chini ya kichwa, visanduku n vya kushoto na n vya kulia. Pembeni weka mafungu mawili: vipande vya urefu n vilivyowahi kuachwa kushoto, na vilivyowahi kuachwa kulia. Yote mawili yanaanza na kipande cha 0 tupu. Kichwa kikienda kulia, kipande cha kushoto kama kilivyokuwa kinaingia kwenye fungu la kushoto, kisha alama iliyoandikwa inasukumwa ndani na ya mbali inaanguka. Upande wa kulia alama ya karibu inakuwa chini ya kichwa, na alama mpya ya mbali ni yoyote, 0 au 1, mradi kipande kinachopatikana kimo kwenye fungu la kulia. Zikiwezekana zote mbili, fuata zote mbili. Rudia hadi kusiwe na jipya. Kama hukugusa nafasi ya Z, mashine haisimami kamwe, maana umefuata zaidi ya inavyoweza kwenda. Ukiigusa, ongeza n ujaribu tena. Kosa la kawaida hapa ni mafungu kukua baada ya mkao fulani (hali, alama na vipande vyake viwili) kupitiwa, na programu isirudi kuupitia. Kila fungu likipata kipande kipya, mikao yote inayolitegemea lazima itazamwe upya, la sivyo utatangaza uongo.

Mashine za kudunda (zinakwenda ukingo hadi ukingo, kila mdundo mrefu kidogo kuliko uliopita) utazijua kwa hesabu. Chukua hatua za rekodi nne za upande mmoja na hali moja, toa jirani kwa jirani, kisha toa tena. Tofauti ya pili ikiwa namba ileile, kuna mdundo. Hiyo ni dalili tu. Uthibitisho ni kuonyesha kwamba mdundo mmoja unageuza umbo la utepe kuwa lilelile lenye kipande kimoja zaidi.

Utepe_Mtupu:

Asanteni sana wakuu. Mti umekaa na majaribio manne yote yamepita. Mambo mawili yananitatiza.

Moja: kwa hali 3, mashine ya hatua 21 inaacha 1 tano, wakati kila mahali Σ(3) ni 6.

Pili, na hili ndilo kubwa: nimeandika kiamuzi cha mzunguko unaohama, kikatangaza kwamba bingwa wa hali 5 hasimami! Nalinganisha visanduku 10 nyuma ya kichwa kwenye rekodi mbili zenye hali moja. Vinalingana kabisa. Kosa liko wapi?

Salio_la_Tatu:

La kwanza si kosa. Σ na S ni mashindano mawili, na bingwa wa moja si lazima awe bingwa wa jingine. Kwa hali 3, mashine inayoacha 1 sita ni 1RB1RZ_0RC1RB_1LC1LA, nayo inasimama kwa hatua 14 tu. Ya hatua 21 inaacha tano. Shen Lin na Radó walizithibitisha zote mbili, makala yao ikatoka mwaka 1965. Weka mabingwa wawili tofauti kwenye programu, wa S na wa Σ.

La pili ni hizo 10. Kichwa_Kushoto alisema d, yaani umbali wa mbali zaidi ambao kichwa kilirudi kati ya rekodi mbili. Ukiweka namba yako mwenyewe, unaapa kwamba mashine haikutazama zaidi ya hapo, na bingwa anatazama. Anafagia utepe mzima hadi ncha ya pili na kurudi.

Mfungue huyu bingwa, utaona kwa nini hiyo 10 ni hatari. Iite C(n) sura hii ya utepe (usiichanganye na hali C ya jedwali): mashine iko kwenye hali A, kichwa kiko kwenye 0, na kulia kwake kuna 1 zilizojipanga n mfululizo, kwingine kote 0. Utepe mtupu ni C(0). Iendeshe kwa mkono hatua 15 za kwanza: A, B na C zinaandika 1 tatu kwenda kulia, D inaongeza ya nne na kugeuka kushoto, A inapita, C na E zinafuta mbili, A inaandika 1 kwenye kisanduku kipya cha kushoto, B na C zinajaza pengo, kisha D inateleza kushoto juu ya 1 zote hadi inakuta 0, inaijaza, na kumwachia A. Hesabu: 1 sita, kichwa kwenye 0 kushoto kwake. Umefika C(6).

Kuanzia hapo kila kitu kinategemea salio la n ukigawa kwa 3:

C(3k) inakuwa C(5k+6), kwa hatua 5k² + 19k + 15
C(3k+1) inakuwa C(5k+9), kwa hatua 5k² + 25k + 27
C(3k+2) inasimama, kwa hatua 6k + 12

Sababu ya 3 iko kwenye jedwali. Ikirudi kushoto, mashine inapita kwa zamu A, C, E, A, C, E: A inaacha 1, C na E zinaandika 0. Kwa hiyo 1 zinaliwa tatu tatu na kuachwa kama 001 zinazojirudia. Ni hali gani iliyopo pale ncha ya kushoto inapofikiwa, hilo ndilo salio. Ikiwa ni E, inasoma 0, na E kwa 0 ndiyo Z.

Sasa fuata namba: 0, 6, 16, 34, 64, 114, 196, 334, 564, 946, 1584, 2646, 4416, 7366, 12284. Mara kumi na nne salio limekuwa 0 au 1. Ya kumi na tano, 12284 = 3 × 4094 + 2, na mashine inasimama ikiwa na 1 zipatazo 4,098 na 0 zipatazo 8,191 katikati yake. Jumlisha hatua za mistari ile juu kwa karatasi, utapata 47,176,870 kamili, bila kompyuta. Mdundo wa mwisho mkubwa, kutoka 7366 kwenda 12284, peke yake ni hatua 30,196,527.

Ndiyo maana kiamuzi chako kilidanganyika. C(34) na C(64) zote ni A kwenye 0 na 1 kumi kulia. Kwa dirisha la visanduku 10 ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye urefu mzima, na dirisha fupi halioni urefu. Ukitumia d halisi, kwenye rekodi hizi d itafika ncha ya pili ya utepe, ulinganisho utashindwa, na kiamuzi kitasema "sijui" kama kinavyopaswa.

Fanya hivi iwe desturi: kila kiamuzi kipya, kabla hujakiamini, kipitishe kwenye mashine zote unazojua zinasimama. Kikiitangaza hata moja kuwa haisimami, kitupe matokeo yake yote, si ya mashine hiyo peke yake.

Kichwa_Kushoto:

Naongeza kwenye hilo la kuamini viamuzi, kwa sababu ndilo lililochukua miaka. Heiner Marxen na Jürgen Buntrock walimpata bingwa huyu mwaka 1989. Allen Brady alikuwa ameshafunga S(4) = 107 kwa makala ya mwaka 1983. Kati ya kumpata bingwa wa hali 5 na kuthibitisha kwamba hakuna mwingine ilipita miaka 35, na muda huo kilichokosekana ni viamuzi vinavyoaminika, kasi ya kompyuta ilitosha kitambo.

Georgi Georgiev, anayejulikana kama Skelet, mwaka 2003 aliacha orodha ya mashine 43 ambazo programu yake haikuweza kuziamua. Ya kwanza kwenye orodha ni funzo zuri la kwa nini kuendesha tu hakutoshi. Ni mzunguko unaohama, aina ileile ya chekeche la pili, ila kipindi chake ni hatua 8,468,569,863, na unaanza baada ya takriban hatua 5.42×10^51. Hakuna kompyuta itakayofika huko hatua kwa hatua. Shawn Ligocki na Pavel Kropitz waliufikia mwaka 2023 kwa kubana utepe na kuruka marudio mengi kwa mkupuo mmoja, na ndivyo utakavyolazimika kufanya wewe pia kwa mashine za mwisho.

Mwishowe kila tawi la mti likathibitishwa ndani ya Coq, programu inayokagua hoja za hisabati mstari kwa mstari. Kazi hiyo iliandikwa na mtu anayejulikana kwa jina la mxdys, na tangazo la S(5) = 47,176,870 likatoka tarehe 2 Julai 2024. Viamuzi vya jumla vilimaliza zote isipokuwa mashine 13, ambazo kila moja ilihitaji hoja yake. Utepe_Mtupu, ukibaki na mashine chache, usizione kama kasoro ya programu yako. Kwa viamuzi tulivyovitaja utabaki na maelfu mengi. Kinachofuata ni kile cha otomata zenye hali chache (mashine ndogo zinazosoma utepe alama kwa alama, kisha zinaupokea au kuukataa): unatafuta otomata inayopokea kila utepe unaoweza kuishia kwenye Z na kuukataa utepe mtupu. Kuitafuta ni kugumu, lakini ukishaipata, kuikagua ni mistari michache, na mtu mwingine anaweza kuikagua bila kuamini programu yako.

Jedwali_Wazi:

Niulize kidogo hapo hapo. Njia hizi zikipanuliwa, hali 6 nazo zinafungika? Au ni suala la kompyuta kubwa zaidi?

Salio_la_Tatu:

Kompyuta kubwa haisaidii. Ukubwa wa namba wenyewe ni kizuizi cha kwanza. Mwaka 2022 Kropitz alipata mashine ya hali 6 inayosimama baada ya zaidi ya hatua 10↑↑15, yaani mnara wa 10 kumi na tano, kila moja ikiwa kipeo cha iliyo chini yake. Mwaka 2025 mxdys akaonyesha kwamba S(6) inazidi 2↑↑↑5. Isome hivi: 2↑↑↑3 ni 65,536. 2↑↑↑4 ni mnara wa 2 zipatazo 65,536. 2↑↑↑5 ni mnara wa 2 ambao urefu wake ni namba hiyo iliyotangulia. Mashine hizo hujulikana kusimama kwa njia ileile niliyotumia juu: unapata kanuni za C(n) na kuhesabu kwa kanuni, huziendeshi.

Kizuizi cha pili ndicho kigumu. Kuna mashine ya hali 6 inayoitwa Antihydra, iliyopatikana mwaka 2024. Ukiifungua kama tulivyomfungua bingwa, unabaki na namba mbili, a na b, zikianza na 8 na 0. Kama a ni shufwa, a inakuwa 3a/2 na b inaongezeka 2. Kama a ni witiri, a inakuwa (3a−1)/2 na b inapungua 1. Ikitakiwa kupunguza b wakati b ni 0, inasimama. Basi, hiyo ndiyo mashine yote.

Ianze mwenyewe: 8, 12, 18, 27, 40, 60, 90, 135, 202, 303, 454. Baada ya 454 kutumika, b imefika 13. Ili isimame, witiri zilizopita lazima zizidi mara mbili ya shufwa. Kama shufwa na witiri zinakuja nusu kwa nusu, b inapanda wastani wa nusu kila hatua na uwezekano wa kurudi chini ya 0 unazidi kuwa mdogo. Kila mtu anaamini haisimami. Lakini "zinakuja nusu kwa nusu" ni jambo ambalo hisabati ya leo haina njia ya kulithibitisha kwa mfuatano wa namna hii. Ni jirani wa swali la Collatz (namba ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 na kuongeza 1: je, daima unafika 1?). Kiamuzi chochote utakachoandika kwa Antihydra lazima kijue kitu kuhusu kuzidisha kwa 3/2 ambacho hakuna anayekijua bado, na S(6) haifungiki bila kuamua mashine hii.

Kwa programu yako, kama unataka kwenda zaidi ya 5 bila kugonga ukuta huu mara moja, acha hali 6 kwanza, ongeza alama. Hali 2 na alama 3 bingwa anasimama kwa hatua 38. Hali 2 na alama 4 ni hatua 3,932,964, na zote mbili zimethibitishwa, kwa hiyo una majibu ya kulinganisha. Mti ni uleule, isipokuwa alama mpya nazo ziingie kwa zamu kama hali: 2 isiandikwe kabla 1 haijaandikwa, na 3 isiandikwe kabla ya 2. Kwenye kiamuzi cha vipande vya n, alama ya mbali sasa ina chaguo 4 badala ya 2, kwa hiyo mafungu yanavimba haraka. Anza na n = 1, uende hadi 4, usiruke moja kwa moja kwenye 8.